Programu Iliyokula Nusu ya Uso

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Katika studio ya picha ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, binti wa miaka ishirini na mbili anapunguza kivuli shingoni mwa mteja wa picha za kitambulisho. Jicho moja liko kazini, jingine kwenye simu. Saa nne kamili mhadhiri wake wa chuo anafunga orodha ya kuchagua miradi.

Wateja humwita Fundi Sura. Asubuhi yuko hapa, mchana chuoni, mwaka wa tatu wa kompyuta. Muhula huu kila mwanafunzi lazima ajiunge na mradi wa programu huria, zile zinazotengenezwa na watu wa kujitolea na kutumiwa na yeyote bila malipo. Amebakiza miwili, yote ya kuhariri picha.

Wa kwanza una wachangiaji zaidi ya mia sita, na waajiri wanaujua. Wa pili una wanne tu. Na huo wa pili ndio uliomwaibisha.

Wiki tatu zilizopita, nesi mstaafu alileta picha pekee ya pacha wake, marehemu. Unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo cha fremu. Fundi Sura aliipitisha kwenye skana pamoja na kioo cha fremu. Walipoibandua, ikachanika vipande vipande. Haikuwa neno, nakala ilikuwepo kwenye kompyuta.

Akaihangaikia kwa muda wa saa nne kwa programu ya wale wanne, akihifadhi juu ya nakala ileile. Mara ya mwisho alipobonyeza, programu ikajifunga. Alipoifungua tena picha, kuanzia puani kushuka chini ni kijivu kitupu.

"Nesi alipokuja kuichukua, nilimwambia kabla hajakaa," anasema. "Nilijua akikaa nitashindwa."

Nesi aliisogelea kompyuta. "Macho yapo, mwanangu. Mdomo nitaukumbuka mwenyewe."

Fundi Sura aliwaandikia wenye programu kwa hasira. Kesho yake wakamjibu kwamba kosa ni lao, na kwamba wanalitafuta mwaka mzima bila kuliona.

Mhadhiri amemwonya kuwa mradi wa watu wanne ukisambaratika katikati ya muhula, au asipokamilisha kazi atakayopewa, atarudia mwaka. Kaka yake, mwenye studio na ndiye anayemlipia ada, hataki hata kusikia.

"Mdogo wangu, huruma haiandikwi kwenye barua ya kuomba kazi," anamwambia, amesimama nyuma ya kiti. "Chagua wale wakubwa, tumalize."

Saa nne kasoro dakika mbili. Mteja anauliza kama picha yake iko tayari.

"Kule kwa mia sita, kaka, hata nisipokuwepo hakuna atakayejua," anasema polepole. "Hawa wanatafuta kitu nilichokiona kwa macho yangu."

Anabonyeza jina la mradi wa wale wanne. Kaka mtu anashusha pumzi, anamgeukia mteja na kumwomba radhi.

Jumamosi ana kikao cha kwanza na wale wanne, kwa njia ya video. Kazi wamekwisha kumpa: aifanye programu ijifunge makusudi, tena na tena, mpaka ajue inajikwaa wapi.

"Nimejipa hadi mwisho wa muhula," anasema, na kucheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. "Nisipolipata kosa hilo, mwakani nitalitafuta nikiwa darasa lilelile."