Pointi Sita za Udikteta

Harufu ya omena wakavu hunikumbusha Italia. Najua hilo halina kichwa wala miguu, lakini ndivyo nilivyo. Wiki jana mama mmoja sokoni alifunua gunia lake la dagaa hao mbele yangu, na kabla sijauliza bei nikawa nimesharudi Jeddah, mtaa wa Ghulail, nina miaka kumi na mmoja, nimekunja miguu sakafuni namsomea mama yangu habari za mikate iliyopanda bei na wanaume waliovaa mashati meusi.

Kitabu chenyewe kilitoka Kisumu. Shangazi alimpa msafiri atuletee, na kwa kuwa msafiri alikuwa na begi moja tu, historia ya dunia ilipanda ndege ndani ya mfuko mmoja na kilo mbili za omena. Omena tuliwamaliza kwa wiki moja. Kitabu kiliendelea kunuka miaka miwili.

Mama aliacha shule akiwa Kidato cha Tatu kwa sababu yangu mimi, jambo ambalo hakulisema kwa uchungu wala hakulificha. Huko Jeddah alikuwa akishonea watu nguo chumbani mwetu, na alikuwa ameapa kwamba tukirudi nyumbani ataufanya mtihani wa Kidato cha Nne hata kama atakaa dawati moja na watoto wa kumwita shangazi. Baba alikuwa dereva wa kampuni. Ikama yake, kibali cha ukaazi, ndiyo iliyotuleta, kisha kampuni ikamhamishia Riyadh, ambako alilala mtaa wa Shumaisi katika chumba kimoja na wanaume wengine watano. Hapakuwa na mahali pa kuweka mke, mtoto na cherehani. Kwa hiyo tulibaki Ghulail, naye akawa mtu wa simu.

Mama alikariri pointi zake kwa Kiingereza cha kitabu, halafu alitaka nimuulize kwa Kiswahili ili ajue kama ameelewa au amemeza tu. "Taja sababu sita zilizofanya udikteta uinuke baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia." Alama kumi na mbili. Alizitaja pini zikiwa mdomoni: uchungu wa mikataba ya amani, watu kukosa kazi, serikali dhaifu za kugombana kila siku, hofu ya wakomunisti, matajiri waliotaka utulivu, na kiongozi mwenye ulimi mtamu. Mtaliano alimjua kama jirani. Mjerumani alimsumbua kidogo, hasa miaka yake. Anti Rehema, mwanamke wa Mombasa aliyekaa chumba cha mbele, alizoea kuingia na sahani ya mahamri na kuuliza, "Haya, na yule Mtaliano wenu keshafika wapi leo?"

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita na tangi moja la maji juu ya paa. Ilikuwa ile miaka ambayo mawakala walikuwa wakishusha wasichana wa Kenya ndege baada ya ndege kwenda kufanya kazi majumbani, na nyumba kama yetu ndiyo iliyowapokea waliomaliza mikataba au walioshindwa nayo. Wengine walikuwa na ikama hai, wengine ilikufa zamani. Hilo halikuulizwa. Kilichoulizwa kila siku ni maji.

Kiangazi kile malori ya maji yalianza kuchelewa. Tangi lilipokauka wanawake walichungana kama mwewe na vifaranga. Siku moja ikagunduliwa kuwa mtu ana pipa zima chini ya kitanda chake wakati jirani yake anachovya kitambaa kumpangusa mtoto. Walivutana nywele pale ngazini. Mmoja aling'olewa hereni. Ndipo ukaitishwa mkutano, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na Anti Flo akasimama.

Anti Flo alikuwa mtu wa Kakamega, mrefu, mwenye sauti iliyopangwa vizuri. Alikuwa amefanya kazi miaka minane kwa madam mmoja mkubwa, akapanda hadi kushika funguo zote za jumba lile, na hata baada ya kuondoka alitembea kama bado zinaning'inia kiunoni. "Hebu sikizeni," alisema. "Hii nyumba haina mwenyewe, ndiyo maana tunararuana. Tuweke kufuli kwa bomba la chini. Ufunguo nikae nao mimi. Kila mtu ndoo moja asubuhi, moja jioni. Wiki mbili tu, mpaka maji irudi. Halas."

Mikono iliinuka yote. Mama aliinua wake, kitabu kikiwa mapajani. Nami niliinua wangu, watu wakacheka, lakini Anti Flo hakucheka. Alinihesabu.

Nataka niwe mkweli kwenu: mambo yalikuwa mazuri. Kelele ziliisha kama moto uliomwagiwa mchanga. Tulipanga foleni, tulisalimiana, ndoo zilijaa sawasawa. Aliyekuwa na mtoto mchanga aliongezewa kikombe bila kuomba. Tulilala usingizi wa watu walioshiba. Mama alisema mwenyewe kwamba Flo angefaa kuwa chifu, na hakuwa akitania.

Mimi nilipewa mfuniko wa sufuria kubwa na mwiko wa bati. Kazi yangu ilikuwa kugonga wakati wa maji ulipofika. Shule yangu ilikuwa chumba cha mwalimu mmoja Msomali, siku tatu kwa wiki, nako nilikuwa wa tatu kutoka nyuma. Lakini nikigonga mfuniko wangu, wanawake kumi na wanne walitoka milangoni. Anti Flo aliniita "msaidizi wangu" mbele za watu. Sijui kama nimewahi kupata cheo kikubwa zaidi ya kile.

Wiki mbili zilipita. Kukawa na amri ya kutopokea wageni, maana wageni hunywa maji. Kukawa na amri kwamba mwenye malalamiko ampelekee Anti Flo peke yake chumbani, kwa kuwa kulalamika ngazini kunaleta fujo. Mikutano ikawa inaitishwa na yeye tu. Wakati huohuo malori yalirudi kama zamani, mara mbili kwa wiki, na tangi likawa linafurika. Maji yaliteremka kwenye ukuta wa nyuma na kuacha doa refu la kijani. Sote tulilipita doa lile tukienda kupanga foleni na ndoo zetu. Kufuli lilibaki palepale, na hakuna aliyeuliza.

Sasa nifike kwa Kanini. Kanini alikuwa msichana wa Kitui ambaye pasipoti yake ilisema ana miaka ishirini na mitano na uso wake ulisema kumi na minane. Alitoroka kwa mwajiri wake akiwa ameungua mafuta ya moto kuanzia kiganja hadi kiwiko, hana karatasi yoyote, na mtu fulani akamwelekeza kwa Anti Rehema. Rehema alimficha chumbani mwake. Kidonda kilitaka kusafishwa asubuhi, mchana na jioni, na Rehema mwenyewe alikuwa mtu wa swala tano na udhu wake. Ndoo mbili hazikutosha. Lakini kufuli lile lilikuwa bovu, ukilivuta kwa nguvu linafunguka, na Rehema aligundua hilo. Alasiri, Anti Flo alipolala, alikuwa akishuka taratibu kuteka ndoo ya tatu.

Nilimwona. Alikuwa amechuchumaa chini ya ngazi, maji yakitiririka polepole yasipige kelele. Nilipanda moja kwa moja kwa Anti Flo nikamwamsha na kumwambia. Hakuna aliyenituma. Nilitaka aseme "msaidizi wangu" tena, na alisema.

Walipofungua chumba cha Rehema kutafuta ndoo, walimkuta Kanini.

Mkutano ulifanyika alasiri ileile. Nilisimama karibu na Anti Flo na mfuniko wangu. Hakufoka, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alizungumza kama mtu anayesoma hali ya hewa.

"Huyu msichana hana ikama, na ametoroka kafili wake. Polisi ikimfuata hapa, nani atabaki? Wewe utabaki? Wewe? Sina ubaya na Rehema, lakini rules ni rules. Waondoke leo."

"Mkono wake wanuka, Flo," Rehema alisema. "Sasa mie nimpeleke wapi mtoto wa watu na hali hii? Nipeni hata siku tano ukauke. Njiani kwajaa askari, na nyie mwajua."

Walijua. Hata mimi nilijua. Msichana asiye na karatasi akikaa ndani ana nafasi, akitoka barabarani ni bahati nasibu. Kanini alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono wake uliofungwa shela ameupakata kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa kwa muda.

"Wanaokubali hawa wawili waondoke, mikono juu," alisema Anti Flo.

Mikono iliinuka. Mingine upesi, mingine kwa shida. Nilimtazama Mama, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ametaja pointi zote sita bila kukosea na hata miaka ya Mjerumani aliipata. Mkono wake ulipanda hadi usawa wa sikio, kama mtu anayetaka kurekebisha kitambaa cha kichwani. Ulikaa hapohapo mpaka ukahesabiwa.

Baadaye nilimsikia chooni akimpigia Baba simu kwa sauti ya chini. Alimwomba awapokee wawili hao Riyadh, awatafutie pa kujisitiri Shumaisi kwa wanawake anaowajua. Baba alikubali, na usiku ule wakapanda basi. Kesho yake alikaa kituo cha basi toka saa nne hadi adhana ya alasiri. Basi lilifika, watu wakashuka, wao hawakuwamo. Kwenye kizuizi cha njiani askari walimtaka Kanini karatasi. Rehema alikuwa na ikama nzuri, ya miezi saba mbele. Angeweza kutazama dirishani basi likaendelea na safari. Alishuka naye. Wakakaa mahabusu wiki sita, kisha wakarudishwa Kenya, Kanini na mkono uliokauka umekunjika, Rehema akiwa na alama kwenye pasipoti ya kutorudi tena.

Kwetu maisha yaliendelea. Nilizidi kugonga mfuniko hadi mwenye nyumba alipobadilisha mabomba. Mama alirudi akafanya mtihani wake, na swali la udikteta likatoka. Aliandika sababu sita kwa mwandiko wake mzuri, na historia ndiyo iliyomwokoa katika mtihani ule. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza kama alipokuwa akiandika alimkumbuka Anti Flo. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Flo?" akasema. "Flo na mambo ya Ujerumani wapi na wapi? Ile ilikuwa shida ya maji." Kisha akaniuliza kama nina namba ya Rehema.

Nilikuwa nayo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeitunza bila kuipiga. Nilikuwa nimejitengenezea masimulizi yangu, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba nilimwogopa Anti Flo kama tulivyomwogopa wote. Mwaka jana nikapiga. Rehema yuko Kisauni, anauza mahamri, sauti ni ileile. Tulijuliana hali hadi maneno yakaisha, ndipo nikamwambia kwamba mtu aliyemsema kwa Flo ni mimi.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nimeinama na ndoo yangu, ukasimama hapo mbele yangu na huo mfuniko wako. Ukanambia, 'Shikamoo, Anti.' Nikakuitikia, 'Marahaba, mwanangu.' Kisha nikasikia miguu yako yapanda kwa Flo."

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa, na alipolisema nililiona lote. Sikuwa na hofu hata chembe alasiri ile. Nilikuwa mtoto mwenye adabu na mwenye furaha, na nilimsalimia kwanza.