Chai ya Mkuu wa Shule

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na chaki zangu mwenyewe, maana sikuamini kama nitapewa. Shule ilikuwa nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na kelele za wapiga debe ziliingia darasani bila hodi. Nilipangiwa somo la historia, kidato cha tano na cha sita. Enzi zetu, kabla hujagusa ubao uliandika andalio la somo, yaani utafundisha nini na kwa hatua zipi, na Mkuu wa Shule akalitia saini.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kufoka. Lakini saa nne alikunywa chai pamoja nasi kwenye ofisi ya walimu, na mambo ya shule yaliamuliwa kwenye kikao, tukibishana mpaka sauti zinakauka. "Mwalimu, leo umenishinda," aliniambia safari moja, kisha akaninunia wiki nzima. Nilimheshimu sana.

Wa pili alikuwa mpole, na hapo ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri. Alianza kwa kuwaita wakuu wa idara wanywe chai ofisini kwake, chai ya maziwa na sambusa, sisi wengine tukabaki na ya rangi. Haukupita muda wakawa wanagombania nani akae karibu naye na nani ammiminie. Vikao vikapungua, halafu vikakoma. Vipindi, zamu, adhabu, vyote tukawa tunavikuta vimeshabandikwa ubaoni.

Muhula huohuo nilikuwa nafundisha jinsi wafalme wa Ulaya walivyojitwalia mamlaka yasiyo na mipaka. Mfalme mmoja wa Ufaransa hakutegemea mizinga peke yake kuwadhibiti makabaila, wale mabwana wenye ardhi na ngome zao. Aliwaita waishi kwenye jumba lake, akawalisha vizuri, wakawa wanashindana nani ampe shati lake asubuhi. Huko kwao nyuma, maofisa wa mfalme ndio waliokuwa wakisimamia kodi na amri. Baraza kuu la nchi halikuitishwa tena. Darasa likaanza kucheka chinichini na kutazama dirisha la Mkuu. Mimi niliendelea kuandika ubaoni.

Kuna aliyepeleka maneno. Mpaka leo nina mtu wangu ninayemshuku, na tukikutana sokoni namsalimia nikiwa nimeukumbatia mkoba wangu.

"Nasikia unanifundisha kidato cha tano," Mkuu aliniambia aliponiita, huku anatabasamu.

"Nafundisha Ufaransa, Mkuu."

"Basi kaa. Nataka uwe mkuu wa taaluma. Chai yako hiyo hapo."

Cheo nilikitaka, nisimdanganye mtu. Lakini nikishakaa pale, nani angebaki ofisi ya walimu wa kudai kikao?

"Na wenzangu wanakunywa wapi?" nikamuuliza.

Tabasamu likamtoka. Muhula uliofuata nilikuwa navuka bahari kwa kivuko cha Magogoni kila asubuhi, nimehamishiwa Kigamboni, na huko ndiko nilikostaafu.

Sasa nakaa Kariakoo, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, nyumba ya chini iliyobanwa na maghorofa pande zote. Siku hizi wanangu wamekuwa wema mno. Inaniuma kuwashuku watoto niliowazaa, lakini kazi niliyoifanya ilinifundisha kuuangalia wema mara mbili. Juzi walikuja wote, pamoja na mgeni mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, yule anayepita mtaani kununua nyumba za kubomoa. Wakaingia naye sebuleni. Mkwe wangu akaniletea chai ya maziwa chumbani, na sambusa mbili za moto.

"Pumzika, Mama. Usihangaike na mazungumzo yao."

Nikaitazama ile chai. Nilikuwa na hamu nayo kweli.

"Ahsante, mwanangu. Wengine wanakunywa wapi?"

Akageuka kutazama mlango wa sebuleni. Nikajitanda kanga, nikabeba kikombe changu, nikaenda kukaa kwenye kikao.