Usukani Mzito wa Baba

Sina subira na mtu anayejibu swali kabla hajalisikia, na gereji tulizopitia mjini Singida zilijaa watu wa namna hiyo. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mwanafunzi akiniletea jibu bila njia, namkata alama hata kama amepatia. Mafundi wetu hawakuwa na njia wala jibu. Walikuwa na mdomo.

Gari lilikuwa la baba: dogo, la zamani, alilinunua alipostaafu baada ya maisha yote ya kuendesha malori. Anaishi Mtinko peke yake tangu mama afariki, na gari hilo ndilo lililokuwa likimtoa nyumbani. Lilimpeleka mnadani na kanisani, na jirani akizidiwa, baba ndiye aliyeamshwa amkimbize hospitali mjini. Basi akaanza kulalamika kwamba usukani unakuwa mzito ghafla, hasa akikata kona polepole. Akizima gari na kuliwasha tena, unarudi kuwa mwepesi.

Fundi wa kwanza alifungua boneti akatafuta kikopo cha oili ya usukani. Hakukiona, kwa sababu hakipo. Usukani wa gari lile unasaidiwa na mota ya umeme. Mtu mwenye haya angeishia hapo. Yeye aliagiza oili ikanunuliwe, na kwa kuwa hapakuwa na pa kuimimina, akaipaka kwenye viungo vya magurudumu ya mbele kama anayemkanda mzazi. Wa pili alikuwa wa kisasa. Alichomeka mashine yake chini ya dashibodi, ikamwonyesha orodha ya makosa, akayafuta yote bila kusoma hata moja, kisha akatangaza kwamba gari limepona. Nilimuuliza lilikuwa linaumwa nini. Akasema, hayo ni mambo ya kompyuta, madamu, huwezi kuyaelewa. Wa tatu alikaa na gari siku nzima, akalirudisha akijisifu kwamba ile taa ya njano ya usukani, iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi kila usukani ulipokuwa mzito, haitawaka tena. Na kweli, haikuwaka.

Wote watatu walilijaribu mchana kweupe, mara moja, kwenye uwanja wao. Wote watatu walizungumza na mimi. Baba alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia mapajani, na hakuna aliyemuuliza usukani unakuwa mzito saa ngapi na akiwa anafanya nini.

Jioni moja ya mvua, akiingia nyumbani, usukani ulimgomea kwenye kona na gari likaparamia zizi la jirani. Mbuzi mmoja alivunjika mguu. Hapo ndipo kaka yangu wa Dodoma na dada yangu wa Arusha, ambao hawakuwa wamekanyaga Mtinko mwaka mzima, wakapata uchungu na mzee wao. Waliitisha kikao kwa simu. Kaka akasema mikono ya baba imechoka. Dada akasema na macho pia, ingawa macho yalikuwa hayajatajwa na mtu. Mimi nikaifunga hoja kama ninavyofanya ubaoni: taa haiwaki, kwa hiyo gari halina hitilafu; gari halina hitilafu, kwa hiyo hitilafu iko kwa dereva. Wakanisifu sana, nami nikasifika.

Nilitumwa kuchukua funguo. Nilimvika baba kilemba cha ukoka: amefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yetu kumwendesha yeye, apumzike kama wazee wenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ukifungua swichi, taa zote huwaka kwanza, ndipo zinazima,” alisema. “Ile ya usukani haiwaki kabisa tangu gari litoke kwa yule fundi wa mwisho. Taa isiyowaka kabisa si nzima, mwanangu.”

Nikamjibu “Sawa, baba,” kwa sauti ile ninayoitumia kwa wanafunzi wanaonieleza kwa nini hawakufanya kazi ya nyumbani. Akaingiza mkono mfukoni akanipa funguo.

Nililiendesha gari miezi miwili mjini, kutoka nyumbani kwenda shuleni, mchana na barabara ya lami. Halikunisumbua. Kila siku lilipokwenda vizuri niliona hoja yangu inazidi kuthibitika.

Jumamosi moja nilimpeleka baba msibani Mgori. Tukirudi jioni mvua ilitukuta njiani. Niliwasha taa, waipa, na feni ya kufuta ukungu kwenye kioo. Tulipofika kwenye kona ya kuingia kwake, usukani uliniganda mikononi. Niliuvuta kwa nguvu zangu zote, nikapiga ukelele, na gari likasimama tairi moja likiwa limeshaning'inia mtaroni. Nina miaka arobaini na moja, na mikono yangu haijachoka.

Baba hakushtuka. Aliniambia nizime feni, nizime taa, nizime gari, kisha niliwashe tena. Usukani ukawa mwepesi. Tukalirudisha gari barabarani polepole. Akaniambia sasa niwashe kila kitu, niuzungushe usukani huku na huku gari likiwa limesimama. Yeye akashuka kwenye manyunyu, akafungua boneti, akangoja mpaka usukani ukawa mzito tena. Kisha akaniita.

“Gusa hapa,” alisema.

Ilikuwa ni nati inayoshikilia waya mnene kutoka kwenye betri, pale unapofungwa kwenye bodi ya gari. Niligusa nikautoa mkono haraka, maana iliunguza. Akanieleza kwamba umeme wote wa gari unarudi kwenye betri kwa njia hiyo, na kutu imeziba njia. Mchana, taa na feni vikiwa vimezimwa, umeme unatosha. Jioni ya mvua kila kimoja kinachukua chake, mota ya usukani inabaki na njaa, inajizima. Alieleza kwa maneno machache, bila kunitazama usoni.

Asubuhi yake aliifungua nati kwa spana namba kumi, akasugua kutu kwa msasa, akafunga nati mpya. Alimaliza hata chai haijachemka. Tulipofungua dashibodi tukakuta kipande cha tepu nyeusi kimebandikwa juu ya taa ya usukani. Nilimtukana yule fundi wa tatu kimoyomoyo kwa Kinyaturu, maana Kiswahili hakikutosha. Halafu nikawapigia ndugu zangu. Kaka alisema yeye tangu mwanzo alikuwa analitilia gari mashaka. Dada alinitumia picha ya dole gumba. Mimi nilimrudishia baba funguo zake, nikarudi mjini nikijiona nimemaliza.

Wiki tatu baadaye nilitoka darasani nikakuta amenipigia mara saba. Simu yangu huwa naizima ninapofundisha. Nilimpigia, akapokea kabla haijaita vizuri. Nikamwamkia, akaitikia kwa haraka.

“Kuna mama hapa jirani amezidiwa na uchungu,” alisema. “Nimeshampakia, yuko kiti cha nyuma na mama mkwe wake. Naomba nimlete hospitali. Unaniruhusu?”

Nilisikia injini ikiunguruma, na yule mama akilia. Vipindi vyangu viwili vilikuwa vimefuatana, saa moja na dakika ishirini. Muda wote huo baba alikuwa ameketi nyuma ya usukani, ananingoja.

Nikamwambia, nenda baba, nenda. Akasema ahsante.