Wamemwozesha Kaka Yangu, Bibi Harusi Hana Habari

Admin, nifiche vizuri, maana shangazi yangu yumo humu na hupiga laiki kila kitu.

Mimi ni mama wa miaka 38, Mtanzania, naishi mtaa wa Jane and Finch, Toronto, Kanada, nahudumia wazee. Kaka yangu ndiye aliyenipokea huku na kunivisha koti langu la kwanza la baridi. Hilo mlikumbuke, ndilo linaloninyima usingizi.

Kaka ni askari wa gereza. Ameshtakiwa kwa kulala na mahabusu, dada wa Kikenya, kwenye bloku aliyokuwa analinda. Kwanza alisema hakumgusa. Baadaye ikawa, "Alikubali mwenyewe." Wakili akamwambia hilo halina mashiko: wewe ndiye mwenye funguo, wewe ndiye unayeamua apige simu lini na aoge lini, sasa angekataaje? Ila mngekuwa mume na mke kabla hajafungwa, tena mkathibitisha, pengine tungepata pa kuanzia.

Wakili alikuwa anauliza tu. Ukoo wangu ukachukua kama maagizo.

Jumapili tukaitwa kwa shangazi, mji jirani wa Markham. Pilau, soda, harusi kabisa. Shangazi akagawa ushahidi wa kwenda kusema mahakamani: mumewe alisoma dua ya ndoa, mimi nilipeleka posa.

"Niliipeleka wapi, shangazi?"

"Kwao."

"Kwao wapi?"

"Mtoto una maswali kama polisi! Wakikuuliza ulivaa nini, sema kitenge."

Nikamgeukia kaka. "Haya, baba mkwe wako anaitwa nani?"

Akatazama sahani yake. "Wakili atakuwa nalo kwenye faili."

Watu wakaendelea kula.

Dada yule nimemwona mara moja tu, kwenye korido ya mahakama. Kaka alipotokea, yule dada aligeukia ukuta, akaweka mikono nyuma, akatulia hivyo mpaka kaka apite. Hakuna aliyemwamuru. Keshazoea.

Kesi imekaribia. Mama amepiga simu kutoka nyumbani, analia: "Usimzike kaka yako akiwa hai." Nikinyamaza, kaka huenda akafungwa. Nikisimama na kitenge changu cha uongo, nitakuwa nimemfungia yule dada mlango upya, kaka akiwa ndani.

Ndugu zangu, koti lile bado ninalo, na baridi ndiyo hiyo inaingia. Mngekuwa mimi mngesema nini mbele ya hakimu? Nishaurini.