Kamera ya Kicheni Pati

Kitundu cha kuchomekea waya kwenye kamera kilikuwa kimejaa keki. Sitanii. Nilikaa kitandani na kijiti cha meno nachokonoa, na kilichokuwa kinatoka ni krimu iliyokauka, mafuta ya pilau, na kitu cheusi ambacho nilidhani ni uchafu tu mpaka nikaona kina miguu. Mende mdogo, amekufa humo. Nikamrusha dirishani, nikaenda kunawa, nikarudi, nikanusa vidole, nikaenda kunawa tena. Ndiyo maana kompyuta inaikataa, nikajisemea. Hata mimi ningeikataa.

Kamera yenyewe ni ya mama mdogo. Aliinunua mtumba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, enzi ambazo simu za kupiga picha walikuwa nazo mabosi tu. Kioo chake cha nyuma kilishakufa. Unapiga kwa kuchungulia kale kadirisha kadogo, na ulichokipata hukijui mpaka uiunganishe na kompyuta. Ilitolewa kabatini kwa sababu moja tu: kwenye kicheni pati ya dada yangu, simu zilipigwa marufuku. Mlangoni alikaa shangazi na beseni la bluu, na kila mwanamke aliyeingia alitumbukiza simu yake humo, hata mke wa mchungaji. Watu wanaogopa. Unacheza kidogo kumfurahisha bibi harusi, kesho yake wanaume wote wa stendi wanajua ulivyocheza.

"Kamera haina WhatsApp," shangazi alitangaza. "Na atapiga mtu mmoja tu, huyu hapa."

Huyu hapa ndiyo mimi. Nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri mambo yangu, kwa hiyo kazi zote ambazo hazina mwenyewe ni zangu.

Bibi mzaa mama alikuja kutoka Ibaba kwa ajili ya siku hiyo. Bibi hapendi picha. Ukiacha ya kitambulisho, sijui kama ana nyingine. Lakini siku ile, ndani ya nyumba yenye wanawake watupu na pazia zimeshushwa, bibi alibadilika. Alijifunga kanga kifuani, akavua kilemba, akaingia katikati kumfundisha dada mambo ambayo siyaandiki hapa. Wamama walilia kwa kucheka. Alipochoka alikaa mkekani, akamlaza dada mapajani, akaanza kumpaka mafuta kichwani taratibu, huku anamsemesha Kindali kwa sauti ya chini. Halafu akaniangalia.

"Piga."

Nikapiga.

"Ila mwanaume asiione. Umesikia? Hata baba yako."

"Sawa bibi."

"Sawa nini? Sema."

"Mwanaume haioni, bibi."

Wakacheka tena. Usiku tunaosha vyombo dada akaniambia, "Ile ya bibi ndiyo naitaka. Hizo nyingine hata zikipotea, zipotee." Anaolewa mbali, bibi ni mzee, picha ya pamoja hawana. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kuhamisha picha ni kazi gani?

Basi kesho yake nikachukua laptop ya kaka, nikamtoa kaka sebuleni. Nikachomeka waya. Kimya. Kamera inawasha taa nyekundu kwamba inachaji, lakini laptop haioni kitu, kama umeichomekea kijiko. Nikahamia tundu la upande wa pili. Kimya. Nikaizima laptop nikaiwasha. Nikaizima kamera nikaiwasha. Ndipo nikaenda kuchokonoa ile keki.

"Umejaribu kuizima na kuiwasha?" kaka akauliza kutoka uani.

"Wewe usichungulie!"

"Sichungulii, nauliza."

"Nimejaribu!"

"Waya umeutoa wapi?"

"Kwenye ile spika yako."

Akacheka kama fisi. "Huo ni wa kuchaji tu, mama. Umeme unapita, picha hazipiti. Utakaa hapo mpaka harusi iishe."

Sasa si angesema mapema? Watu wanapenda kukuangalia unahangaika kwanza. Nikachomoa kadi ya kumbukumbu, nikaichomeka kwenye laptop moja kwa moja. Ikafunguka! Nikaona mbuzi. Mbuzi, mbuzi, harusi ya watu wa Msangano, mama mdogo amesimama kwenye alizeti, mbuzi tena. Ya kwetu hakuna hata moja. Nikampigia mama mdogo.

"Kadi hiyo?" akasema. "Kamera imeacha kuisoma muda mrefu. Siku hizi inaziweka tumboni mwake yenyewe."

"Na hukusema!"

"Hukuuliza, mwanangu."

Kwa hiyo picha zipo, ila ziko ndani ya kamera, na mlango wa kutokea ni mmoja tu: waya wake halisi, unaopitisha picha, wa aina ya zamani, wenye kichwa kinene kifupi. Nikazunguka maduka ya simu asubuhi nzima. Hawana. Mmoja akaniambia niende kwenye steshenari moja karibu na foleni ya malori, kuna fundi ana makorokoro yote.

Nilipoingia tu, moyo ulikataa. Kulikuwa na harufu ya soksi na chipsi. Kibodi imekuwa ya kahawia, herufi za katikati zimefutika, zinang'aa kwa mafuta ya vidole. Fundi mwenyewe ana ukucha mrefu kwenye kidole kidogo, na anautumia kufungulia kila kitu, pamoja na sikio lake. Madereva watatu wa malori walikuwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri fotokopi za karatasi zao za mpakani.

Akaichukua kamera, akaigeuza. "Iache sista, pita jioni."

"Siachi. Nauliza kama una waya, ninunue."

"Wa hivi siuzi. Umebaki huu huu Tunduma nzima."

"Basi chomeka, nihamishe mwenyewe kwenye flashi yangu. Ni picha za kina mama."

"Za kina mama!" Akatabasamu kwa madereva, hakutabasamu kwangu. "Haya bosi, zunguka huku."

Kabla sijamaliza kuzunguka kaunta alikuwa ameshachomeka. Kompyuta ikalia, ting. Na haikuuliza kitu. Ikaanza kuzivuta picha yenyewe, moja baada ya nyingine, na kila inayoingia inafunguka kwenye kioo kizima. Kioo chenyewe ni kikubwa na kimegeuziwa benchi, kwa sababu anakitumia kuwaonyesha wateja picha zao za pasipoti wachague.

Akatokea shangazi, ameinama, mgongo kwa watu. Akatokea mke wa mchungaji. Halafu bibi katikati ya kumfundisha dada yale mambo. Halafu bibi mkekani, kanga kifuani, mabega wazi, dada mapajani.

"Iwe, wewe fundi!" akasema dereva mmoja wa Zambia, anashika mbavu. "Huyu bibi anajua kazi!"

"Rudisha ile ya kwanza," mwingine akasema.

Nilikimbilia kioo nikakiziba kwa mgongo wangu. Mikono nimeitandaza kama mtu anayezuia kuku. "Chomoa!"

"Nikichomoa katikati zinaharibika."

"Nimesema chomoa!"

"Tulia basi. Tayari, zimeisha zote." Akachomoa, akanirudishia kamera. "Kule zimeshafutika, mashine nimeiseti ikishavuta inafuta yenyewe. Sasa ziko huku kwangu. Unataka nikuchagulie nzuri nzuri?"

Ndipo nikaelewa kilichotokea. Picha ya bibi haipo tena kwenye kamera. Duniani kote ipo sehemu moja tu, ndani ya mashine ya huyu mtu wa ukucha.

Na nikiwa bado nimesimama pale na kamera tupu mkononi, dereva wa tatu akapiga miayo akasema, "Fundi, kama za huyu hataki, tuwekee basi wale wanawake wa jana."

Fundi akakohoa. "Wale gani? Acha utani wewe."

Sikuhitaji kuelezwa. Mate yalinijaa mdomoni kama nimelamba betri. Nikakishika kile kioo kwa mikono miwili nikakigeuzia ukutani, upande kilipo kiti chake.

"Toka kwenye kiti."

"Sista mbona mkali? Haya mambo ya kawaida. Mimi naangalia kwa macho ya kazi, kama daktari."

"Toka."

"Toka bwana," dereva wa Zambia akamwambia, bado anacheka. "Mwenye bibi yake amefika."

Akatoka. Kiti kilikuwa cha moto. Hilo nalo lilinichefua, kukalia joto lake, lakini nilikaa. Nikashika ile kibodi ya mafuta. Nikatafuta zilikoingia, nikazihamishia zetu kwenye flashi, nikafungua ile ya bibi mara moja, kadogo pembeni, kuhakikisha inafunguka. Inafunguka.

Pembeni ya zetu kulikuwa na za watu wengine. Sikuzifungua, lakini hata zikiwa ndogo unaona. Mama ananyonyesha. Msichana na taulo. Sebule fulani yenye wanawake wamejifunga kanga kama sisi, mmoja amenyanyua mikono juu anacheka. Nani aliwaambia hao kwamba mtu wa lori anawaangalia huku anasubiri fotokopi? Nikachagua zote, zetu na zao, nikafuta kwa njia ile ambayo haziendi kwenye kapu la taka. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo kwa nguvu mpaka kibodi ikalia.

"Umefuta zako?" fundi akauliza kutoka upande wa pili wa kaunta.

"Nimefuta."

"Karibu tena."

Nje nilitema mate kwenye mtaro. Nikafuta mikono kwenye sketi, halafu nikaichukia na sketi.

Nyumbani tulijifungia chumbani, mimi, dada na bibi. Nikaiweka laptop kitandani nikaifungua ile moja. Jamani, ilikuwa nzuri. Sijui niliipigaje. Mafuta yanang'aa kwenye vidole vya bibi, dada amefumba macho kama mtoto anayeanza kusinzia, na bibi ananiangalia moja kwa moja, nusu anacheka. Dada aliweka mkono mdomoni.

Bibi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, bibi."

"Nimezeeka hivi na hamniambii!" Akacheka, akampiga dada begani. Akaangalia tena muda mrefu. Halafu, bila kuniangalia, "Mwanaume kaona?"

Dada alinifinya pajani. Alinifinya kweli, alama ilibaki. Nilikuwa nimemsimulia yote mlangoni, kwa hiyo alikuwa anajua, na alikuwa anajua ninachotakiwa kusema. Neno moja tu. Lakini nilikuwa bado nasikia harufu ya lile duka kwenye nguo zangu, na sikuweza kumwangalia bibi nikamdanganya nikiwa nanuka vile.

"Wameona, bibi. Wanne."

"Walisemaje?"

"Walicheka."

Bibi akajifunga kanga vizuri, akatafuta kilemba chake kitandani akakivaa, ingawa tulikuwa sisi tu. "Futa."

"Bibi, nakuomba," dada akasema. "Nitaiweka kwangu chumbani. Hata mume wangu hataiona. Bibi, sina nyingine."

"Mama," bibi akamwambia dada, "wewe hujakosa kitu. Nilikupa wewe peke yako. Sasa nimegawiwa barabarani kama karanga. Futa."

Dada akanitazama mimi, siyo bibi. Nilifuta kwenye flashi, na bibi akaniuliza kama imeisha kabisa, nikamwambia imeisha kabisa, na ilikuwa kweli.

Dada hanisemeshi. Anapita jikoni kama mimi ni stuli. Mama anasema itapita, mchana wa harusi atakuwa na mengi ya kufikiria. Jana alikuja mpiga picha wa harusi, kijana msafi tu, na kamera yake kubwa, kuangalia ukumbi na kupanga watu wa familia watakavyosimama. Akamwona bibi uani anachambua maharage, akamwamkia vizuri, akamwomba akae kidogo kwenye mwanga ajaribu moja. Bibi akaitikia marahaba, akanyanyua ungo wake, akaingia ndani na kufunga mlango. Dada alikuwa amesimama pale pale. Tuliusikia wote wawili ukifungwa kwa komeo.