Nusu Zamu kwenye Gemu la Ndege

Ninyi wa rika langu mliokulia Same, bila shaka mnaikumbuka hoteli ya Mzee Shabani, pale mabasi yaliposimama abiria wapate kula. Wengi mtataja maharage yake ya nazi. Mimi nakumbuka kona ya ndani, pembeni ya friji ya soda, lilipokuwa kabati refu la mbao la kuchezea gemu, lenye kioo usoni, na ndani ya kioo ndege ya kivita. Mzee Shabani alilileta kutoka Mombasa juu ya lori la vitunguu. Ndege inaruka kutoka kwenye meli, inachana mawingu, halafu maadui wanakuja wengi kama kumbikumbi baada ya mvua. Ukibonyeza kitufe chekundu, kombora linatoka na mkia wa moshi mweupe, na kabati zima linatetemeka mpaka chupa za soda zinalia kwenye kreti.

Kucheza kulikuwa kwa maji. Same maji yalikuwa ya shida, na vyombo vya hoteli haviishi, kwa hiyo Mzee Shabani aliweka sheria yake: ndoo moja kutoka bombani, mchezo mmoja. Ndiyo maana mabega yangu yako hivi mpaka leo. Vijana wa sasa wanakwenda jimu kunyanyua vyuma na kuvirudisha palepale vilipokuwa. Sisi tulinyanyua ndoo, tukapaa.

Mimi nilishuka kutoka Bombo, kule milimani Upareni, nikiwa darasa la nne, nikakaa kwa mama mkubwa ili nisome. Kusoma kwenyewe niliishia la saba na sijutii. Nina malori mawili, nina duka la vifaa vya ujenzi, na ukiingia mjini kutoka Kisiwani bati langu la bluu unaliona kabla ya kitu kingine chochote. Mama mkubwa alikuwa akisema, "Kichwa cha huyu mtoto ni kizito kwa daftari. Kwa kujisifu sasa, ni chepesi kama pamba."

Basi niendelee kujisifu. Mimi ndiye niliyelimaliza lile gemu. Hatua ya mwisho ni bonde la mawe, jembamba, ndege inapita kwa kulala ubavu. Siku ile abiria waliacha wali wao mezani, dereva wa basi akasahau kupiga honi. Mwishoni kioo kikaomba herufi tatu za jina la bingwa. Nikaandika ELI, kwa maana ya Elisante, na ELI ikakaa juu pale mpaka kabati lilipokufa. Hadithi hii nimeisimulia kwenye harusi, misibani, hata kwenye kikao cha wazazi shuleni. Mke wangu akisikia tu "siku moja hotelini kwa Mzee Shabani," anainuka kwenda kuangalia moto, na sisi tunapikia gesi.

Likizo iliyopita binti yangu Neema alirudi kutoka chuo na mashine yake ya gemu, nyeusi, bapa kama Biblia. "Baba," akasema, "gemu lako la ndege wamelifufua. Lilelile la kwenye makabati, ila sasa unachezea kwenye tivii."

Nikacheka kwa furaha. Neema hakucheka. "Basi tuone. Ukishindwa, ile hadithi tusiisikie tena humu ndani."

"Na nikishinda?"

"Nitaisikiliza kila ukiisimulia, mpaka mwisho."

Mke wangu akaitikia kutoka jikoni, "Amina," na sikujua anaombea upande gani.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Mashine ikaanza kwa kutaka intaneti. Ikashusha sijui maboresho gani tangu makande yalipobandikwa mpaka yakaiva, na ninyi mnajua makande yanavyoiva. Kabati la Mzee Shabani lilikuwa linataka kofi moja tu la ubavuni.

Nikapewa padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Ndege ikaruka melini, ikayumba, ikaingia baharini. Mara ya pili, baharini tena. Mara ya tatu niliangusha maadui sita, nikagonga mlima. Mimi, Mpare, nimegonga mlima!

"Baba, umekwisha," Neema akasema. Halafu akaniangalia vizuri. "Ila nashangaa. Kwenye kupiga hukosi. Kuendesha ndiyo hujui kabisa, kama mtu ambaye hajawahi."

Hapo nikaiweka padi chini, kwa sababu ni kweli sikuwahi.

Kule Bombo maji ya shamba tuliyapata kwenye ndiva, bwawa la wazee wetu. Linajaa usiku, mchana linafunguliwa, kila nyumba na zamu yake. Wenye vishamba vidogo waligawana zamu moja: huyu analinda mfereji, yule anayaongoza maji kwenye matuta. Basi huku Same, mimi na dada Namkunda, mtoto wa mama mkubwa, tulikuwa wadogo, ndoo nzima hatuiwezi. Tulibeba nusu nusu na kuzimimina pamoja. Na mchezo tukaugawana kama maji: yeye anashika usukani, mimi nashika kitufe chekundu. Watoto wa mjini walitucheka sana, ndege moja marubani wawili. Lakini hakuna mwingine aliyefika bonde la mawe. Siku tuliyolimaliza, Namkunda aliinama kuokota ndoo zetu tuwahi nyumbani. Alipoinuka, ELI ilikuwa imeshaandikwa. Akanipa ndoo yangu, tukaondoka. Na miaka yote hii nasimulia, sikumtaja.

Nikachukua simu. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana. Njoo unisaidie kuendesha."

"Lori?"

"Ndege."

"Ileile?"

"Ileile."

"Nakuja."

Akafika na sare yake ya kwaya, fundi cherehani mwenye wajukuu wawili. Akavua viatu, akakaa kwenye kochi, akashika nusu ya kushoto ya padi. Mimi nikashika ya kulia.

"Usiguse huku kwangu," akasema.

"Shangazi, ipo padi nyingine," Neema akatuambia. "Mbona mnabanana?"

"Nyamaza mwanangu, tupo kazini. Eli, piga! Acha kujisifu, piga!"

Ndugu zangu, lile bonde tulilipita kwa ubavu, mama wa kwaya kauma ulimi, bega lake limenibana kama zamani. Maadui walianguka mpaka mke wangu akaja kusimama mlangoni na mwiko. Kioo kikaomba herufi tatu. Kijiko changu cha makande kilikuwa kimedondoka, nikainama kukiokota. Nilipoinuka nikakuta NAM.

"Yako ilikaa mpaka kabati likafa," akasema huku akitafuta viatu vyake. "Na ndoo tulibeba nusu nusu. Hii zamu ni yangu."

Neema akaniangalia, akamwangalia shangazi yake. Akaelewa. "Hadithi ibaki, Baba," akasema. "Ila uianzie kwenye ndoo."

Siku hizi kila mtoto ana padi yake, simu yake na vitu vyake masikioni. Wanapigana na watu wa nchi wasizozijua, hawasalimiani wala kuagana. Picha ni nzuri, nakiri, mawingu yenyewe utadhani yatanyesha. Lakini hakuna chupa inayolia kwenye kreti, na hakuna bega la mtu pembeni. Neema anacheza peke yake, anashinda peke yake, halafu anazima.

Sasa nikisimulia naanza hivi: "Siku moja mimi na dada Namkunda, kila mmoja na nusu ndoo yake..." Mke wangu bado anainuka kwenda kuangalia moto. Lakini anarudi kusikia mwisho.