Chungu Ambacho Bibi Hakukivunja

Nilipokuwa mtoto, katika kitongoji chetu kwenye miteremko ya Upare juu ya Same, niliamini kwamba chungu kikivunjwa kwa kiapo humuua mwenye hatia pamoja na nyumba yake. Leo, baada ya miaka mingi ya kupima ushahidi mahakamani, siamini. Nitaeleza tu nilichokiona.

Mwaka ule wa ukame, mtu alizibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia kwa zamu, na maharage ya wenzetu yakakauka. Mimi nilimjua. Alfajiri nilimwona mama akirudi na jembe, khanga yake ikichuruzika, na kulipokucha tangawizi yake shambani ilikuwa imelowa.

Tuliitwa sote bwawani. Bibi mzaa baba ndiye aliyeshika chungu. Desturi ilimkataza kutaja jina. Angetamka kiapo mara saba, nasi tuitikie, kisha akivunje.

"Yeye aliyefungua maji, asinywe maji!"

"Yeye!"

"Yeye aliyefungua maji, asizike, azikwe!"

"Yeye!"

"Paza sauti, mama Nakunda," jirani alimtania mama. "Au tangawizi imekukaba koo?" Watu wakacheka.

Mara ya kwanza, "yeye" alikuwa mtu wa mbali. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kuvuka mfereji, anatukaribia. Mara ya tano mama hakuitikia. Midomo yake ilicheza bila sauti. Bibi alikuwa akimwapiza mkwewe, nami mjukuu wake, pasipo kujua.

Mara ya saba chungu kilipanda juu ya kichwa chake. "Yeye aliyefungua maji, yeye na nyumba yake—"

"Bibi, ni mimi!" nilipiga kelele. "Nilikuwa nacheza!"

Bibi aliitazama mikono yangu, midogo mno kung'oa gogo la kuzibia bwawa. Kisha akamtazama mama, kwa muda mrefu. Akakishusha chungu taratibu.

"Mama, si mtoto…" mama alianza kumwambia Bibi, akilia.

"Nimesikia," Bibi akamkatiza. Akawageukia watu. "Zamu zetu tatu zijazo ni zenu."

Sina ushahidi kwamba chungu kile kingemuua yeyote. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba neno lisilotaja mtu, liliporudiwa, lilimfikia mwenyewe kabla chungu hakijavunjika. Na kwamba Bibi alijua kusikia jibu ambalo halikutamkwa. Hadi leo, mtu akikiri haraka mno mbele yangu, mimi huanza kwa kumtazama mikono.